HOTUBA YA KATIBU WA TAWI KWA WANAUSHIRIKA: WATALII NA ARDHI YETU YA PWANI



Hotuba hii tuliitoa pale kwenye ghala la korosho, na tumeombwa tuibandike ubaoni ili na wale waliokuwa baharini waisome.

Ndugu zangu, neno "safari" leo linatumiwa na dunia nzima, lakini limetoka kwetu. Burton na Speke mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, wote walianza safari zao za bara katika pwani hii ya Bagamoyo. Mizigo alibeba nani? Wapagazi. Pembe za ndovu zilishuka mabegani mwa Waafrika wenzetu, faida ikapanda majahazi ikaenda zake. Jambo hilo tulikumbuke, maana safari zimerudi kwa sura nyingine.

Jirani yetu ni Saadani. Lilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, likafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na eneo la iliyokuwa ranchi ya Mkwaja likaingizwa humo. Twiga na tembo wanafika karibu na Bahari ya Hindi. Mto Wami una viboko na mamba. Kule Madete kasa hupanda mchangani kutaga. Mtalii anatoka Ulaya, analipa fedha nyingi ili aone mambo haya. Sisi tunayaona bure, na mara nyingine tunayalipia: nguruwe anachimbua mihogo, tembo anamaliza mahindi kwa usiku mmoja.

Sasa lipo ombi la mtu anayetaka ufukwe wetu ajenge hoteli, papo hapo penye diko la wavuvi. Wengine wanasema apewe haraka asije akaenda kijiji kingine. Wengine wanasema afukuzwe. Sisi tunasema asipewe ovyo wala asifukuzwe bure. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la huyu ni masharti, nayo ni haya:

1. Sheria ifuatwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukubali. Basi mtu asiseme amemalizana na viongozi. Viongozi ni walinzi tu, ardhi ni ya wote. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imelinda mita 60 kutoka ufukweni. Zipimwe kwa kamba, watu wakiona.

2. Diko libaki, na njia ya kwendea diko ibaki, kwa maandishi. Mvuvi asije akaambiwa na askari wa geti azunguke na ngalawa yake.

3. Mkataba usomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, mkutanoni, kabla ya sahihi hata moja. Sisi tuliosoma kisomo cha watu wazima tunajua uchungu wa kuweka dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Ardhi si jembe la kuazima, ikishatoka kurudi ni kazi.

4. Hoteli inunue kwetu kupitia Ushirika: samaki, mayai, nazi, mboga, ukili. Kila mtu akienda peke yake na kikapu chake, bei atapangiwa mlangoni. Tukipima kwenye mizani yetu na kuandika, bei tutaongea sote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na vijana wetu wafundishwe kazi ya kuongoza wageni, siyo kufagia tu.

Kuhusu mashamba: aliyeharibiwa mazao na wanyama atoe taarifa kwa Afisa Mtendaji siku ileile, shamba likaguliwe. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Hakilingani na hasara, lakini asiyetoa taarifa hapati hata hicho. Kutega nyaya porini hakutusaidii. Mtu anafungwa, nyumba inabaki na njaa.

Ndugu wanaushirika, Mkutano Mkuu ni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Kina mama mje, maana shamba na soko mnavijua ninyi. Maneno ya barazani hayaandikwi kwenye muhtasari. Yanayoandikwa ni ya mkutanoni.

Ushirika udumu!

Katibu wa Tawi