Makamanda Wawili, Kikosi Kimoja



Katika jimbo la Florida, nchini Marekani, kuna viwanja viwili vya mbio za magari ambavyo sifa zake zimeenea ulimwenguni. Cha kwanza ni Daytona, ambako mbio za saa 24 zilianza mwaka 1966. Cha pili ni Sebring, ambako mbio huchukua saa 12. Wenzetu wa jeshi la anga watapenda kujua kwamba Sebring ilikuwa kambi ya kuwafunza marubani wa ndege za mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, na hadi leo magari hupita kwa kishindo juu ya zege ya kale ya njia za ndege. Twaianza habari yetu hapo kwa sababu, tangu mwaka 2000 hadi 2013, viwanja hivyo vya jimbo moja vilitumikia mamlaka mbili zilizogombea timu zilezile.

Hapo awali mamlaka ilikuwa moja. Chama cha IMSA, kilichoanzishwa mwaka 1969 na John Bishop na mkewe Peggy, ndicho kilichosimamia mashindano makubwa ya magari ya aina hiyo. Katika miaka ya 1990 chama kilipitia mikono ya wamiliki mbalimbali, na utii ukalegea. Ndipo Don Panoz, tajiri aliyechuma mali yake katika utengenezaji wa dawa, alipoafikiana na Wafaransa wenye mbio za Le Mans, akaanzisha mwaka 1999 mashindano ya American Le Mans. Upande wa pili Jim France, wa ukoo ule unaomiliki Daytona, akasimama na Grand-Am, ambayo mashindano yake yalianza mwaka 2000.

Tusidhani kwamba huu ulikuwa ugomvi wa fahari tu. Kila upande ulikuwa na hoja yake, na hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Panoz aliamini kwamba viwanda viachiwe huru vilete maarifa mapya kabisa. Na kweli, mwaka 2006 kampuni ya Audi ilishinda Sebring kwa gari la injini ya dizeli, jambo ambalo wengi walilidhania kuwa mzaha. Grand-Am nayo ilisema kwamba gharama zitawaua wenye timu wadogo, na kwa hiyo mwaka 2003 ikatoa gari lake lenye fremu ya mabomba ya chuma, lililozuiliwa kwa kanuni ili lisiwe ghali kupita kiasi. Watu walilicheka kwa sura yake. Tena katika mbio zake za kwanza za Daytona magari hayo mapya yalishindwa, na ushindi wa jumla ukachukuliwa na Porsche ya daraja la chini! Hata hivyo timu kubwa ya Chip Ganassi ilijiunga mwaka 2004 na kutwaa ubingwa mwaka huohuo.

Sasa mtazameni mwenye timu, aliyekopa fedha akanunua gari moja. Gari la Grand-Am halikuruhusiwa kwa Panoz, wala gari la Panoz halikuruhusiwa Grand-Am. Askari anaelewa upesi: ni sawa na ghala lililojaa risasi zisizoingia katika bunduki uliyo nayo. Aliyechagua upande mmoja aliufunga mlango wa pili, yeye pamoja na mafundi wake waliomtegemea kwa mshahara.

Timu kubwa hazikuteseka hivyo, kwani zilibembelezwa kila upande. Timu ya Penske iliishinda Audi pale Sebring mwaka 2008 kwa gari la Porsche. Mwaka uliofuata ikavuka kwenda Grand-Am, na baada ya msimu huo mmoja ikaondoka huko pia. Audi nayo ilikoma kushiriki msimu mzima mwisho wa mwaka 2008, na Acura ikafuata mwisho wa 2009. Mwaka 2010 American Le Mans ililazimika kuongeza daraja la magari yaliyofanana yote ili kujaza safu. Viwanda huja vikipenda na huondoka vikipenda, lakini mamlaka zote mbili zilivitunza kama wageni wa heshima, huku wenyeji waliokuwako siku zote wakipewa makombo.

Tarehe 5 Septemba 2012 ilitangazwa kwamba pande hizo zitaungana, na mashindano ya pamoja yakaanza Daytona Januari 2014. Muungano huo haukuja bure. Daraja la juu la Panoz lilifutwa kabisa, na magari mepesi yaliyojengwa kwa kanuni za Le Mans yakatiwa katika daraja moja na yale ya mabomba ya chuma. Wasimamizi walijaribu kuyasawazisha kwa kurekebisha uzito na nguvu za injini. Timu ya Action Express, ya upande wa chuma, ilishinda Daytona na kutwaa ubingwa, na wenye magari mepesi wakanung'unika kwamba mizani imepinda. Kwa maoni yetu manung'uniko hayo hayakuwa ya bure, maana aliyeshika mizani alikuwa ndiye mshindi wa ule ugomvi wa zamani.

Magari ya mabomba ya chuma yalistaafishwa mwishoni mwa mwaka 2016. Panoz alifariki mwaka 2018, kabla Wamarekani na Wafaransa hawajapatana juu ya kanuni zilizoanza kutumika Daytona mwaka 2023, zinazoruhusu gari lilelile kukimbia huko na Le Mans pia. Mwezi Juni mwaka huo, miongoni mwa timu zilizosafiri kwenda Ufaransa ilikuwamo Action Express na Cadillac yake.