Jino lililotibiwa likiuma tena

Msikilizaji, mtu wa Shinyalu anayepanda matatu kupitia Khayega hadi mjini Kakamega kutibiwa mzizi wa jino hutumia nauli, ada na siku nzima ya kazi. Maumivu yakirudi miezi kadhaa baadaye, huona kadanganywa, akasema: ling'olewe! Namsihi asubiri. Maumivu ya siku chache baada ya matibabu ni ya kawaida. Haya ya baadaye yana chanzo. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina mifereji 4 ndani ya mizizi yake, na mmoja ni mwembamba mno, rahisi kuachwa bila kusafishwa, vijidudu vikabaki ndani. Au jino halikuvishwa kifuniko, likapata ufa. Aombe eksirei; mara nyingi mzizi husafishwa upya, jino likabaki. Ila uso ukivimba pamoja na homa, aende hospitali usiku huohuo.