Dawati la Kuchukua Mashine Nzito: Hotuba ya Karani mbele ya Mkutano wa Mwaka, Dagahaley


Halmashauri imeniamuru nieleze kwa nini yafaa tujitengenezee dawati kabla ya kuleta mashine ya kunakili na betri za umeme wa jua. Vitu hivi hununuliwa kwa michango yenu; vikianguka, hatuna hazina ya pili.

Tangu kambi hii ilipoanzishwa mwaka 1992, mengi yamejengwa hapa kwa nia ya siku chache, na meza zetu ni hivyo hivyo: miguu myembamba iliyoshikwa kwa misumari mitupu. Meza ya namna hiyo mara nyingi haishindwi na uzito ushukao wima. Hushindwa na kuyumba. Mashine itikisikapo, misumari hulegea kidogo kidogo, hata siku moja miguu yote ikalala upande mmoja.

Kwa hiyo, kwanza, miti iungwe kwa ulimi na tundu, na mihimili ikalie miguu, ili mti ubebe mti, wala uzito usining'inie juu ya msumari. Pili, nyuma na ubavuni utiwe mti wa mshazari. Umbo la pembe nne hupindika. La pembe tatu halipindiki mpaka mti wenyewe uvunjike au kiungo kiachie.

Tatu, ubao usilegee katikati. Ubao ukiongezwa unene mara mbili, ukakamavu wake huongezeka mara 8. Lakini ubao mnene ni ghali; mhimili na miguu miwili ya katikati yatosha kutupa nguvu hiyo kwa gharama ndogo.

Mti upo mlangoni petu. Mathenge, ambao Serikali iliutangaza mwaka 2008 kuwa mmea mharibifu, una mbao ngumu sana. Hupinda, hivyo vipande virefu ni shida kupatikana. Bali kwa miguu na mishazari vifupi vyatosha. Ukaushwe kivulini kwanza, kwa maana mti mbichi hunywea na viungo vikalegea. Ubao wa juu tununue saipresi.

Miguu isimame juu ya mawe bapa, si mchangani, na kila mwezi tutazame kama mchwa wamejenga njia zao za udongo. Betri zikae rafu ya chini, penye hewa. Uzito ukiwa chini, dawati halipinduki kwa urahisi.

Mwisho, lijaribiwe. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Tuweke mitungi 10 juu yake usiku kucha. Asubuhi tutazame viungo na tupime ubao kwa uzi. Likisimama, mashine iletwe. Likiyumba, tumepoteza maji tu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Naomba mkutano uidhinishe mbao za saipresi na ujira wa seremala.