Kitufe Kilichonyamaza

Wiki hii nina kesi ya kitufe.

Rafiki yangu mmoja ni karani, naye haoni. Kwa miaka mingi amefanya kazi kwa kompyuta, akisaidiwa na programu inayomsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Mwezi uliopita ofisi yake ilileta programu mpya ya hesabu, yenye rangi nyingi na vitufe vya kung'aa. Wenzake wakashangilia. Yeye akabonyeza, akasikiliza: kimya. Siku hiyo karani hodari akawa wa kushikwa mkono kama mwanafunzi.

Kimya hicho kina sababu. Mfumo endeshi, yaani ule unaosimamia kompyuta nzima, una vitufe na menyu zake tayari. Kitufe cha aina hiyo hujitambulisha: mimi ni kitufe, jina langu Hifadhi. Mtengenezaji akichora cha kwake mwenyewe bila kuongeza maelezo hayo, kinachobaki ni picha tu, na picha haisemi.

Hata wenye macho huhangaika. Kampuni ya Apple, iliyokuwa ikiwahimiza watengenezaji wa programu tangu miaka ya 1980 wafuate sura moja, mwaka 1999 ilitoa QuickTime 4 yenye sura ya chuma na kigurudumu cha kupandisha na kushusha sauti, kama cha redio ya mfukoni. Kwenye redio kigurudumu huzungushwa kwa kidole gumba. Kwenye skrini, kwa kipanya, kilikuwa usumbufu. Watu wakalalamika, na baadaye kikaondolewa.

Sisemi urembo ni dhambi. Winamp, programu ya muziki iliyotoka mwaka 1997, ilipendwa sana kwa kuwa kila mtu aliweza kuivisha sura aitakayo. Lakini hapo aliyechagua vazi ni mtumiaji mwenyewe, tena kwa starehe yake, wala mkate wake haukuwa hatarini.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Programu ni mgeni ndani ya kompyuta. Ikitaka kuvaa kanzu yake, na ivae. Lakini jembe ilishike kama wenyeji wanavyolishika.

Nanyi mnaonunulia ofisi programu, kabla ya kutia sahihi mwiteni yule asiyeona, ajaribu kwanza. Akisikia kimya, wekeni kalamu chini.

Rafiki yangu bado anangoja.