Mwalimu kwa Mwalimu: Kukua Kikazi kwa Njia ya Simu katika Shule za Kibera na Kawangware



Nimeombwa nizungumzie jinsi walimu wanavyokua kikazi wanapokutana na wenzao mtandaoni. Nitasema mapema ninachoamini. Kikundi cha walimu wanane wanaofundisha gredi moja, wanaojadili somo moja kwa wiki kupitia simu zao, humjenga mwalimu kuliko grupu ya watu elfu moja inayopitisha nyaraka na maazimio ya kazi yaliyokwisha kuandaliwa. Na wanaokihitaji kikundi cha namna hiyo kuliko wote ni walimu wa shule zinazotoa elimu ya msingi kwa njia mbadala, hizi tunazoziita APBET.

Sote hapa tunajua shule hizi zilivyotapakaa. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, shule za umma zilizo pembezoni mwa Kibera, Olympic ikiwemo, zilifurika watoto. Ndani ya vijiji vyenyewe, Gatwekera, Lindi, Silanga, Laini Saba, na ng'ambo ya Barabara ya Ngong kule Gatina na Kabiro za Kawangware, shule za makanisa, za vikundi vya jamii na za watu binafsi ziliendelea kubeba mzigo. Serikali ilizitungia sera mwaka 2009. Kutambuliwa kwenye sera, hata hivyo, hakukuwa sawa na kuhesabiwa. Mpango wa kugawa tableti ulipoanza 2016, ulilenga shule za msingi za umma. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilipozindua mafunzo ya lazima ya kuendeleza walimu Septemba 2021, ilikuwa inazungumza na mwalimu aliyesajiliwa, na mwalimu huyo alitakiwa kujilipia shilingi 6,000 kwa mwaka. Vyama vya walimu vya KNUT na KUPPET vilipinga mzigo huo kuwekwa begani mwa mwalimu. Ikiwa mwalimu wa mshahara wa serikali alilalamika, na haki alikuwa nayo, mwalimu wa Lindi anayelipwa kulingana na karo iliyopatikana mwezi huo alikuwa hata hajafika mlangoni.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi ya fedha, nalo ni upweke. Katika shule kubwa ya umma mwalimu aliyekwama na somo huvuka hadi darasa la pili akamuuliza mwenzake anayefundisha gredi ile ile. Katika shule zetu nyingi mwalimu wa Gredi ya 5 ni mmoja, tena ndiye mwalimu wa Hisabati wa gredi mbili nyingine. Chumba cha walimu ni kona ya ofisi ya mwalimu mkuu. Shule jirani iko mwendo wa dakika tano, lakini ni shule inayoshindania watoto wale wale na karo ile ile, kwa hiyo walimu wake hupishana njiani kwa salamu tu. Ikumbukwe kwamba kabla ya vijana wa mradi wa kuchora ramani wa Map Kibera kuzunguka na vifaa vya GPS mwaka 2009, sehemu kubwa ya Kibera ilikuwa doa tupu kwenye ramani. Baadaye mradi wa Open Schools Kenya ukaanza kuziweka shule zenyewe kwenye ramani hiyo, moja baada ya nyingine. Kazi ile nimeithamini sana, kwa sababu mwalimu hawezi kumwomba ushauri mwenzake ambaye hata hajui yuko wapi.

Sasa niwaonyeshe jambo moja kwa karibu. Mwalimu wa Gredi ya 5 huko Gatwekera alipiga picha ukurasa wa daftari la Hisabati, akaziba jina la mtoto kwa kidole, akaituma jioni kwenye kikundi cha walimu wenzake. Mtoto alikuwa ameandika 1/2 + 1/4 = 2/6. Chini ya picha mwalimu aliandika kwamba kanuni ameifundisha mara mbili, lakini zaidi ya nusu ya darasa bado wanajumlisha namba za juu na juu, za chini na chini. Akauliza afanye nini.

Jibu la kwanza lilikuwa lile tulilozoea: warudishie kanuni, wape mazoezi zaidi. Jibu la pili lilitoka Gatina, ujumbe wa sauti usiofika dakika moja. Mwalimu yule alisema: kabla ya kanuni, waulize kama hiyo mbili juu ya sita ni kubwa au ni ndogo kuliko nusu. Kikundi kikanyamaza kidogo, kisha wengine wakaanza kuandika. Maana mbili juu ya sita ni theluthi moja, na theluthi moja haifiki nusu. Mtoto alianza na nusu, akaongeza robo, akaishia na kidogo kuliko alichoanza nacho, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amemwambia asimame alitazame jibu lake. Mwalimu wa tatu akashauri vipande vya gazeti: wakate vyenye urefu sawa, wakunje kimoja kipate sehemu mbili sawa, kingine sehemu nne sawa, waviweke sambamba.

Kesho yake saa ya chakula cha mchana ikaja picha nyingine, vipande vya gazeti juu ya dawati, pamoja na tatizo jipya. Baadhi ya watoto walikuwa wamekata vipande visivyolingana, kwa hiyo nusu ya huyu ilikuwa fupi kuliko nusu ya yule, na darasani kukazuka ubishi. Mwalimu aliona somo limeharibika. Wenzake wakamwambia ubishi ule ndio somo: nusu ya nini? Bila kukubaliana juu ya kitu kizima, sehemu zake hazijumlishiki. Alirudi darasani alasiri akiwa na swali hilo peke yake.

Ninakaa sana kwenye mfano huu kwa sababu una kila ninachotaka kusema. Swali lilitoka katika darasa la mtu, juu ya watoto wake, na jibu lilitakiwa kesho asubuhi. Waliojibu wanafundisha katika vyumba vya mabati kama chake na wanajua kwamba gazeti la jana linapatikana, karatasi za manila hazipatikani. Ushauri ulijaribiwa, na matokeo yakarudi kikundini pamoja na kasoro zake. Tena mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiswahili, na kidogo Sheng, ingawa Hisabati hufundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu alipomsikia mwenzake akiieleza nusu kwa maneno ya nyumbani, alipata namna ya kuieleza ambayo mwongozo wowote wa mwalimu usingempa. Gharama yake ilikuwa picha mbili na sauti chache. Video ndefu hula bando. Picha ya daftari haili.

Grupu kubwa zina kazi yake na sizidharau. Mwaka 2016 WhatsApp iliruhusu grupu ya watu 256. Kufikia 2022 ikafika 1,024, na zetu zimejaa hadi ukingoni. Humo ndimo tunamopata habari kwamba Baraza la Mitihani, KNEC, limefungua tovuti ya tathmini, au kwamba tarehe ya kupakia alama imesogezwa. Mwalimu asiye na kompyuta shuleni, anayelazimika kwenda saiba kupakua karatasi za tathmini, anaokolewa safari ya bure na ujumbe mmoja wa namna hiyo. Lakini tukubaliane kwamba hiyo ni huduma ya habari. Azimio la kazi lililoandikwa na mtu asiyejulikana, likapita kwenye grupu ishirini, likabadilishwa jina la shule juu, halimkuzi anayelichapisha. Linamridhisha mkaguzi. Ningependa tuseme hivyo waziwazi, kwa kuwa katika taarifa nyingi za miradi idadi ya walimu waliomo kwenye grupu huhesabiwa kana kwamba ndiyo idadi ya walimu walioendelezwa.

Ushahidi wa kwamba mazungumzo ya karibu juu ya somo ndiyo yanayobadilisha darasa tunao hapa hapa nyumbani. Mradi wa kusoma na hesabu wa PRIMR, uliojaribiwa kati ya 2011 na 2014, na mpango wa kusoma wa Tusome uliofuata kuanzia 2015, iliingia hadi shule za APBET za mitaa ya Nairobi. Vitabu vililetwa, ni kweli. Lakini mwalimu aliyekuwamo atawaambia habari ya mtu aliyekuja na tableti, akakaa nyuma ya darasa, akamsikiliza akifundisha kusoma, kisha wakazungumza wawili juu ya alichokiona. Linganisheni na mafunzo ya ngazi kwa ngazi, ambapo wachache hufundishwa wakafundishe wengine, nao wengine. Huko juu mafunzo huwa yamekolea; yanapofika kwa mwalimu wa Silanga yamebaki karatasi za kugawiwa.

Nitawapeleka mbali kidogo, hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mwaka 2016 Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York, pamoja na mashirika yanayosimamia shule huko, kilianzisha mpango wa Walimu kwa Walimu. Wengi wa walimu wale walikuwa wakimbizi wenyewe, bila mafunzo ya ualimu, mbele ya madarasa makubwa kuliko yetu. Mpango ulikuwa na mafunzo ya ana kwa ana, ukawa na walimu kusaidiana wao kwa wao kambini, na ukawa na walezi wa mbali walioandamana nao kwa WhatsApp. Kwangu mimi linalofaa kuigwa ni kwamba vitu hivyo vilishikana. Simu iliendeleza mazungumzo ya watu waliokuwa na uhusiano darasani na kambini. Tunapoanzisha kikundi kwa kuwaongeza tu watu wasiofahamiana, kisha tukashangaa mbona hakuna anayeuliza, tumeruka hatua. Mwalimu haonyeshi kosa la darasa lake mbele ya asiowajua.

Hapo ndipo walimu wakuu mnapoingia, na ninawaomba mnisikilize kwa wema. Grupu inayotumiwa saa tatu usiku kuulizia nani alichelewa kufika haiwezi kuwa mahali pa mtu kusema hajui kufundisha sehemu. Tenganisheni grupu hiyo na kikundi cha somo. Kikundi cha somo kisimamiwe na walimu wenyewe, mwalimu mkuu asiwemo, hata akiwa na nia njema. Najua wapo wasiokubaliana nami. Wanasema bila usimamizi kikundi hugeuka cha vichekesho na matangazo ya biashara. Baadhi hugeuka, kweli. Nimeona vikijirekebisha pale wanachama walipokubaliana siku moja ya wiki na mtu mmoja wa kuleta daftari.

Kuhusu picha, tuwe waangalifu. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, jirani zetu wa Kawangware, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule ya APBET ikipigwa faini kama hiyo itafungwa. Kwa kazi tunayoizungumzia hakuna haja ya uso wa mtoto. Daftari bila jina, ubao, mikono iliyoshika vipande vya gazeti, vinatosha kabisa kwa mwalimu mwenzako kuelewa kilichotokea.

Imebaki gharama. Ninapingana vikali na desturi ya kudhani kwamba, kwa kuwa kila mwalimu ana simu, mtandao ni wa bure. Shule zilipofungwa Machi 2020, karo ilikatika na mishahara katika shule zetu nyingi ikakatika nayo. Walimu waliouza mboga mchana walikuwa wananunua bando usiku ili wawatumie watoto kazi. Tusiwarudishe huko. Kibera tunayo Taasisi ya Tunapanda, ambayo kupitia TunapandaNET imeunganisha shule na vituo vya vijana kwa mtandao wa jamii unaorushwa kutoka mlingoti hadi mlingoti. Mwalimu akiufikia mtandao kama huo akiwa shuleni, kikundi cha somo hakimli mfukoni. Kawangware inastahili kitu kama hicho. Hadi kipatikane, bando la mwalimu liandikwe kwenye bajeti ya shule pamoja na chaki.

Kwa maafisa wa mtaala nina maombi mawili. Mnazijua shule za umma na mnazijua za APBET katika eneo lenu. Tuundieni vikundi vinavyochanganya walimu wa pande zote mbili, kwa gredi na kwa somo, na mkutano wa kwanza uwe wa kuonana uso kwa uso, Jumamosi moja asubuhi katika shule yoyote yenye nafasi. Mwalimu wa Olympic na mwalimu wa Gatwekera wana mengi ya kuambiana ambayo hawajapata kuambiana.

La pili ni la kufikishwa TSC. Mwalimu anayeleta daftari kikundini, akajaribu ushauri, akarudi na matokeo, wiki baada ya wiki kwa muhula mzima, amefanya kazi ya kujiendeleza inayoweza kuonyeshwa: tarehe ziko kwenye simu, picha ziko, sauti ziko. Ihesabiwe katika mafunzo ya kuendeleza walimu, na palipo na ada apunguziwe kwa kadiri hiyo. Na kwa mwalimu wa APBET ambaye bado hana namba ya usajili, kumbukumbu hizo zipokelewe kama sehemu ya safari yake ya kuipata.