Kibao cha Zahanati Kiseme na Kisichokuwepo

Msikilizaji, kuta za zahanati zetu hazikosi matangazo. Lala ndani ya chandarua, mpeleke mtoto chanjo, usitoe rushwa. Yote mema. Kinachokosekana mara nyingi ni kile ambacho mgonjwa angependa kukijua kabla hajapanda bodaboda: leo kuna huduma gani, nani analipa na nani halipi, huduma ipi hapa haitolewi, na kama haitolewi, aende wapi. Mimi naihesabu taarifa hiyo kuwa sehemu ya tiba yenyewe, na kipande chake chenye thamani kubwa ndicho vituo huona haya kukisema: hapa hatufanyi.

Tuutazame mkoa wetu. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya 1,300,000, mji wa Tunduma, mpakani na Zambia, peke yake ukiwa na zaidi ya 200,000. Huduma zimepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya halmashauri, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Vwawa, kisha rufaa ya kanda jijini Mbeya, kiasi cha kilomita 100 kutoka mpakani. Mpango ni mzuri, lakini unamtaka mgonjwa ajue asichoambiwa. Vituo viwili vya afya vinaweza kuwa na jina moja la ngazi na rangi moja ya ukuta, kimoja kikawa na chumba cha upasuaji wa dharura kwa wazazi, kingine hakina. Mama ambaye uchungu umekwama, akipelekwa kwenye hicho cha pili, amepoteza saa ambazo hazirudi. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa afya ya uzazi wanaeleza vifo vya wazazi kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Taarifa sahihi inagusa zote tatu. Ipo namba ya bure ya mfumo wa m-mama, 115, inayomtafutia usafiri wa dharura mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, hata kwa gari la dereva wa kijijini pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali. Kwa familia ya Kamsamba, mkoani humu, isiyoijua namba hiyo, ni kama haipo.

Tunduma ina jambo lake zaidi. Huu ni mji wa foleni za malori na wa watu wanaolala hapa leo, kesho wako Nakonde ng'ambo ya mpaka au Lusaka. Dereva anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, zikimwishia njiani, hana mwenyeji wa kumwuliza kliniki ya tiba na matunzo (CTC) iko mtaa gani na inafunguliwa siku zipi. Aliyeanza dozi ya kifua kikuu naye ni hivyo hivyo. Dawa hizo hazilipiwi, lakini anayedhani zinalipiwa, au anayeogopa kuulizwa maswali dirishani mbele za watu, ataruka siku, na kuruka siku ndiko kunakozaa usugu. Mwenyeji naye ana lake. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, iliyouzwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, iligombanisha wagonjwa na wahudumu si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu aliyeinunua hakuelezwa inaishia wapi. Na sera inayomsamehe malipo mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo haimsaidii mzee asiyejua kwamba anahitaji utambulisho, wala anakoupata.

Wapo watakaosema wahudumu ni wachache, wasiongezewe kazi ya kuandika vibao. Uchache ni wa kweli. Lakini hao wachache hujibu swali lile lile tangu asubuhi hadi jioni; ubao mmoja unawapunguzia maneno. Wengine watasema watu hawasomi. Wapo wasiosoma, na kwa ajili yao kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwenyekiti wa kitongoji, na redio hii. Pingamizi zito ni la tatu: dawa huisha katikati ya mwezi, na mganga mfawidhi akiandika wazi kwamba dawa fulani hakuna, ataonekana ameanika aibu ya serikali. Hofu hiyo naielewa, ila siikubali. Upungufu hautokani na chaki. Mgonjwa ataujua tu, tofauti ni kwamba ataujua dirishani baada ya kutumia nauli na nusu siku, na hapo atashuku dawa zimeuzwa.

Basi kazi hii ianzie kwenye kamati za usimamizi wa vituo, ambamo wananchi wana wawakilishi wao kisheria. Kikao kijacho kiulize nani anabadilisha ubao kila asubuhi, na nani anakagua kama umebadilishwa. Ubao wenyewe uwe nje ya geti, usomeke hata usiku kituo kikiwa kimefungwa, na juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko jina la kituo, iandikwe 115 na jina la hospitali ya karibu yenye upasuaji.