Ngozi ya Ngoma Zetu: Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Jubilei ya Miaka 25



Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha miaka 25, na tunawakumbuka wenzetu waliotutangulia katika imani. Historia ya kwaya mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tungependa kujibu swali ambalo wengi wenu mmetuuliza tangu ngoma mpya zilipoletwa kanisani: kwa nini hatukununua zile za ngozi ya kenge?

Kwaya yetu ni ya watu wa pande nyingi. Wapo wenyeji wa Mugutha, na wapo waliokuja kutafuta riziki Ruiru na Thika wakaamua kukaa. Ndiyo maana tunaimba kwa Kiswahili, Kikikuyu, Kikamba, Kijaluo na Kiluhya, na wimbo wa matoleo ukipigwa kwa mtindo wa isukuti hakuna anayebaki ameketi. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitambua mwaka 1963 kwamba muziki wa asili wa kila taifa una nafasi yake katika ibada. Tunaposikia ngoma karibu na altare, tunavuna matunda ya uamuzi huo.

Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kama baba, mama na mtoto. Kwa desturi huchongwa kutoka gogo la mti na kuwambwa kwa ngozi ya kenge, ambaye Waluhya humwita imbulu. Ngozi hiyo pia imetumika kwa orutu ya Wajaluo na kwa engalabi, ile ngoma ndefu ya Baganda. Mafundi wa kale hawakuichagua bure. Ni nyembamba lakini ni ngumu, na mlio wake ni mkali, unaosikika mbali.

Kamati ilipokwenda kutafuta seti mpya, fundi alituonyesha mbili: moja ya kenge, nyingine ya ng'ombe na mbuzi. Tulizipiga zote. Hatutawaficha, ile ya kenge ililia vizuri zaidi, na wapiga ngoma wetu waliitaka.

Tulijadiliana katika mikutano mitatu. Wenzetu kutoka magharibi walisema kwamba hii ni mila ya wazazi wao, na kwamba ukiondoa ngozi yake umeanza kuiondoa isukuti yenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2014, UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wengi wa wanaoijua ni wazee, vijana wa kuirithi ni wachache, na hata vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi ni shida kupatikana.

Upande wa pili ulianza na sheria. Kenge hajafika hali ya kifaru, lakini biashara yake kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Hapa Kenya, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki sehemu ya mnyama wa porini, au kutengeneza kitu kwayo, bila kibali. Ilipotungwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni moja, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili. Fundi hakuwa na kibali cha kutuonyesha.

Lakini hatukutaka hofu ya faini ndiyo ituamulie. Tulikumbushana habari ya piano. Katika karne ya 19, pembe nyingi za ndovu zilitoka bara hadi pwani mabegani mwa wapagazi, baadhi yao watumwa, zikapita Zanzibar na kuvuka bahari hadi Connecticut, Marekani. Huko, viwanda vya Ivoryton na Deep River vilizikata vipande vyembamba vya kufunika vibao vya piano. Waliocheza nyimbo takatifu juu ya vibao hivyo hawakumwona ndovu wala mpagazi. Mnunuzi mmoja mmoja hakujiona ana kosa, lakini oda zao zikijumlishwa, ndovu walikwisha. Miaka mingi baadaye, nchi yetu ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989, na tani 105 mwaka 2016, pale Mbuga ya Nairobi, ili kuuambia ulimwengu kwamba pembe si bidhaa. Leo vibao vya kinanda chetu ni vya plastiki, na Utukufu unaimbwa vilevile.

Mtu atasema kibao cha kinanda hakitoi sauti, ila ngozi ya ngoma ndiyo sauti yenyewe. Ni kweli. Basi tuangalie Pwani yetu. Pate walikuwa na siwa ya pembe ya ndovu, na Lamu walikuwa na siwa ya shaba. Siwa ya Lamu haikuacha kuwa siwa kwa kuwa ni ya shaba. Kilichoipa heshima ni watu walioipiga na siku waliyoipigia. Isukuti nayo itaishi kama vijana wetu watajifunza mapigo yake. Kenge hawezi kuwafundisha.

Hata neno jubilei linatokana na neno la Kiebrania la kondoo dume, ambaye pembe yake ilipigwa kutangaza sikukuu. Katika Walawi 25, Mungu anaagiza ardhi ipumzike, na anawakumbuka hata wanyama wa porini katika chakula cha mwaka ule. Papa Fransisko naye alitukumbusha katika *Laudato Si'*, mwaka 2015, kwamba dunia ni nyumba yetu ya pamoja.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo manne. Kwanza, ngoma zetu zitawambwa kwa ngozi ya ng'ombe na mbuzi, na fundi tutamuuliza kabla ya kulipa. Pili, watoto wanaocheza wakati wa matoleo watavaa manyoya ya nyuzi, si ngozi ya mbega. Tatu, mwenye ngoma ya kenge nyumbani asiiuze wala kuvuka nayo mpaka. Aulize ofisi ya KWS kuhusu kibali. Nne, wazee wanaoijua isukuti watawafundisha vijana kila Jumamosi baada ya mazoezi, na wazee hao wamekubali.

Ngozi ya mbuzi hulegea kukiwa na unyevu, hasa baridi ya Julai. Wapiga ngoma, tafadhali fikeni nusu saa mapema mzipashe joto. Nanyi waumini, mkisikia mlio umebadilika kidogo, pigeni makofi kwa nguvu zaidi kuziba pengo.